Mwaka Ambao Mifungo Ingekutana

Ijumaa iliyopita nilishuka stendi ya Songea kutoka Peramiho, nimepakata sufuria iliyofungwa kwa kanga, nikapanda bodaboda. Kijana aliyenibeba alinusa mara moja tu, akaniuliza humo ndani kuna nini. Nikamwambia samaki. Akasema, "Dada, usinitese, mimi nimefunga." Nikamjibu kwamba hata mimi nimefunga. Akageuza shingo kidogo, akaiona rozari yangu, akacheka. "Ee, kweli. Mwaka huu tumefunga pamoja." Kisha akaendelea kukwepa madimbwi.

Alilisema hivi hivi tu, kama mtu anayesema jana mvua ilinyesha. Mimi huku nyuma macho yalijaa machozi, nikashukuru kwamba manyunyu yalikuwa yanatupiga usoni. Sentensi hiyo, rafiki yangu, niliisubiri tangu nikiwa mtoto wa kucheza rede. Na walioisubiri pamoja nami hawapo.

Ngoja nikueleze.

Bibi yangu alikuwa na kilabu cha pombe kwenye mtaa wetu, nyuma ya soko. Mabenchi ya mbao, sakafu ya udongo aliyoisiliba kwa mikono yake, mapipa ya komoni ya mahindi, na majira ya mvua ulanzi wa mianzi ulioletwa kwa baiskeli, bado unatoa povu. Uani kulikuwa na karai la kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, na harufu yake iliwaita watu kabla hata hawajakiona kilabu chenyewe. Ng'ambo ya kijinjia chembamba, ambacho mbuzi mmoja akilala katikati kimefungwa, palikuwa na hoteli ya babu jirani. Naiita hoteli kama tunavyoita sisi: meza nne zenye vitambaa vya plastiki vya maua, chai ya tangawizi, chapati, wali maharage, na Ijumaa pilau. Alikuwa Mwislamu, mtu wa Tunduru, mwenye shamba la korosho huko kwao. Kofia yake ilikuwa nyeupe siku zote, sijui aliwezaje na vumbi lile.

Walitaniana kutwa nzima, huyu mlangoni kwake na yule mlangoni kwake. Babu jirani alisema wateja wa bibi wakitoka huwa wanasalimia nguzo za umeme. Bibi alijibu kwamba chai ya babu ina sukari nyingi kiasi kwamba siku moja nyuki watamhamisha. Mimi babu jirani aliniita mke wangu, kama mababu wanavyowaita wajukuu. Nikivuka kwenda kuomba kipande cha chapati, bibi alinung'unika kwa sauti, makusudi asikike, kwamba mke mwenziye amekwenda kwa mume tena na vyombo hajaosha.

Lakini kulikuwa na jambo moja wasilolifanyia utani, nalo ni kutunziana wateja.

Kwaresima ikifika, bibi aliosha mapipa na kuyapindua juani. Hakupika pombe wala hakukaanga kitimoto mpaka Pasaka. Wateja wake wengi walikuwa Wakatoliki, wameacha pombe, au walau wamesema wameacha, na jioni hawakuwa na pa kukaa. Basi babu jirani alivuka mwenyewe, akabeba mabenchi ya bibi moja baada ya jingine, akayapanga barazani kwake. "Watu wako nimewachukua," alimwambia. "Pasaka nakurudishia." Wakakaa pale wakinywa chai kwa nyuso za msibani. Alikuwepo fundi seremala mmoja, mtu wa nyimbo akishalewa, ambaye kila mwaka alilalamika kwamba Kwaresima imewekwa majira ya mvua makusudi, wakati ulanzi unatoka kwa wingi, na kwamba chai imemnyima hata ubeti mmoja.

Ramadhani zamu iligeuka. Utotoni mwangu ilikuwa ikiangukia kiangazi, wakati wa upepo na vumbi jekundu. Babu jirani alifunga hoteli mchana kutwa, na wale wasiofunga, wasafiri, wagonjwa na watoto, aliwaelekeza kwa bibi. Kwa ajili yao bibi alikuwa na jiko la pembeni la mabati, mbali na karai la kitimoto, na sufuria moja kubwa yenye uzi mwekundu kwenye mshikio. Sufuria ile ilikuwa na mwiko wake, sahani zake, hata kitambaa chake cha kufutia. Kama ni kuku, babu jirani alikuja kuchinja mwenyewe, midomo imemkauka kwa saumu, akashukuru, akarudi kwake. Siku moja shangazi alisahau, akakoroga maharage ya sufuria ile kwa mwiko wa kitimoto. Hakuna mteja aliyeona. Bibi aliwamwagia kuku maharage yote, akaisugua sufuria kwa majivu, akaanza kuchambua mengine, na watu wakala saa tisa. Shangazi alipouliza nani angejua, bibi alisema, "Mimi."

Sasa, mtoto huona mambo ambayo wakubwa wameyazoea. Mimi niliona kwamba watu hawa wawili hawajawahi kula pamoja. Hata mara moja. Mmoja akipumzika, mwenziye ndiye anahudumia, na siku ambazo milango yote miwili iko wazi hakuna mwenye nafasi ya kukaa. Sikukuu ndiyo usiseme, kila mmoja alikuwa anawapikia watu wake. Nikamuuliza babu jirani kwa nini.

Alinikalisha kwenye meza ya mwisho, akanieleza kwa vikombe. Hiki Kwaresima yenu, hiki Ramadhani yetu. Ya kwenu haiendi mbali. Ya kwetu inafuata mwezi wa angani, kwa hiyo kila mwaka inarudi nyuma kidogo. Akakisogeza kikombe cha Ramadhani taratibu juu ya maua ya plastiki mpaka kikagusa cha pili.

"Siku moja zitakutana hivi," akasema. "Hapo mimi nimefunga, bibi yako amefunga. Milango yote imelala. Magharibi tunakaa chini, tunakula wote."

"Lini?"

"Utakuwa mkubwa, mke wangu. Wewe ndiye utatupikia."

Nilikimbia kumwambia bibi. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alifuta mikono kwenye kanga, akatazama ng'ambo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi itabidi tutafute pa kukaa."

Na hapo ndipo nilipoujua mji wa Songea, kwa kuula. Kila Kwaresima, mapipa yakiwa yamepinduliwa, bibi aliula nje mlo wake mmoja wa siku, na mimi nilikwenda naye. Tulianza sokoni kwa akina mama ntilie, wale wenye ugali wa moto, dagaa wa Nyasa na likolo, kama tunavyoziita kwetu mboga za majani, zilizoungwa kwa karanga. Tukaenda kwenye hoteli za karibu na ofisi, ambako makarani walikula wali kwa uma na feni ikazunguka bila kupoza kitu. Tulikula magimbi kwa chai karibu na makumbusho ya Majimaji, na mihogo ya kukaanga stendi, yenye pilipili iliyonifanya nimkumbatie bibi kiunoni. Tuliingia hata baa, zile mpya zenye friji na redio kubwa. Bibi aliagiza soda moja na bilauri mbili, akawaambia wahudumu kwamba amekuja kuona wenzake wanavyokaa. Walimpenda. Mmoja alimwita mama mkaguzi.

Hakuuliza habari za chakula. Alisalimia, akaitikia shikamoo za wasichana wa jikoni, akachagua kiti kinachotazama mahali wanapooshea vyombo. Alitazama sana. Tukitoka, njiani, swali lilikuwa lile lile: "Hapa jirani angekula?"

Na jibu lilimsumbua. Pale ambapo yeye alikaribishwa kwa vicheko, karai la kitimoto lilikuwa hatua chache kutoka kwenye wali. Pale ambapo sufuria zilikuwa safi kwa jirani, wenyeji walimjua bibi kuwa ni mama wa kilabu. Chai walimpa, kwa adabu, lakini nilimwona akikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuulizia mgonjwa. Mwaka baada ya mwaka tulizunguka hivyo. Mimi nilifurahi, maana nilikuwa nakula. Yeye alirudi nyumbani na swali lake.

Mwisho babu jirani mwenyewe ndiye aliyemaliza jambo. Jioni moja ya mvua, mabenchi ya bibi yakiwa barazani kwake, alimwambia aache kuchosha miguu. Watatandika mkeka hapo hapo katikati ya kijinjia, si kwake wala si kwa bibi. Bibi akamuuliza watakula nini, maana nyama yeye Ijumaa hali, na nyama ya kwake mwenyewe jirani haigusi.

"Samaki," akasema babu jirani. "Hachinjwi, na kwenu si nyama. Samaki hana dini."

"Mbasa," bibi akasema. "Mkubwa. Na magimbi."

"Na pilipili pembeni, si ndani. Mke wangu, umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Siku zile nilijipa kazi ya kuiota karamu ile. Nililala nikipanga mkeka upi, sahani zipi, nani atanawishwa kwanza. Shuleni sikuwa mwepesi, nakwambia ukweli, niliishia kidato cha pili. Lakini mlo ule niliujua wote kichwani kabla sijajua kuwasha mkaa vizuri.

Mwaka uliofuata, korosho zilipoanza kudondoka, babu jirani alisafiri kwenda Tunduru kuvuna kama kawaida. Aliaga kwa utani. Alimwambia bibi asimwibie wateja, atarudi kabla ya Kwaresima kuwachukua walevi wake. Krismasi ikapita. Tukasikia amelazwa hospitali ya Mbesa. Jumatano ya Majivu bibi alipindua mapipa, akapanga mabenchi yake mlangoni, akakaa kungoja mtu wa kuyavusha. Jioni wateja walikuja, wakasimama pale kijinjiani wakitazama mlango uliofungwa, kisha wakatawanyika. Fundi seremala ndiye aliyerudi kuyaingiza mabenchi ndani. Habari yenyewe ya kifo ililetwa na dereva wa lori.

Bibi alikwenda jikoni kwenye mabati, akaisugua sufuria ya uzi mwekundu mpaka ikang'aa, akaifunika. Ramadhani ilipofika aliwapikia wateja wa jirani kama zamani. Na iliyofuata. Walipungua, maana hawakuwa na mtu wa kuwaelekeza tena, lakini sufuria ile hakuigeuzia kazi nyingine. Mimi nikakua, nikapata kazi ya kupika kwa mama mmoja mwenye mgahawa karibu na hospitali ya Peramiho. Kila nikija kumsalimia bibi aliniuliza mwezi umefika wapi. Nami nilimwonyesha kwa vikombe. Bado kidogo, bibi. Bado kidogo tu. Alifariki vikombe vikiwa vinakaribia kugusana.

Sufuria nikaichukua mimi. Na sasa ndipo linaponiuma, rafiki yangu. Ni nini kilichotuzuia siku nyingine yoyote? Jumatatu moja tu, mchana, mlango huu umefungwa na huu umefungwa, watu wangenung'unika, kesho yake wangesahau. Hakuna aliyewaza hivyo. Tuliona vizuri kungoja, kwa sababu kungoja kwenyewe kulikuwa kutamu. Walikuwa na kitu cha kuzungumzia kutoka mlango hadi mlango, na mimi nilikuwa na cha kuota.

Basi Ijumaa ile bodaboda ilinishusha, nami nikasimama nikitafuta kijinjia. Hakipo. Vibanda vyote viwili vimebomolewa, pamejengwa baa moja ya vigae, ghorofa moja, spika mlangoni, na pale katikati ndipo wanapoegesha magari. Niliingia kuuliza kama wana mahali pa kukaa mtu anayesubiri magharibi. Msichana wa kaunta, mwema kabisa, alinionyesha orodha ukutani: kuku, kitimoto, pilau, vyote humo humo, saa yoyote. Nikamuuliza Kwaresima na Ramadhani wateja wao wanakwenda wapi. Akashangaa. "Hawaendi popote, dada. Tupo wazi."

Nikatoka. Nilitandika kanga kwenye ukingo wa saruji, mahali nilipokisia ndipo palikuwa katikati, nikakaa na sufuria yangu. Mlinzi wa magari, mzee wa makamo mwenye baraghashia na koti la mvua, aliniambia nimekaa njia ya gari. Nikasogea. Akaniuliza nasubiri mtu.

"Nasubiri adhana."

Aliitazama rozari, akanitazama mimi. "Wewe?"

Nikamwambia nimepika mbasa, sufuria haijawahi kupikiwa haramu, na kama hana pa kufuturia akaribie. Alifikiri kidogo. Adhana ikaja, ikipigana na spika za baa, akatoa tende moja mfukoni, akanawa kwa maji ya chupa, akakaa. Alikula kwa heshima, kipande cha samaki na gimbi moja, akasifu kwamba pilipili nimeiweka pembeni. Akasema alhamdulillah, akaenda kufungulia gari lililokuwa linapiga honi.

Nilibaki nikiitazama sufuria. Chakula kilikuwa kimebaki kingi mno. Nilikuwa nimepika cha wazee wawili, na wazee wale, enzi za uhai wao, walikuwa wanakula kwelikweli.