Onja Mbele ya Mgeni

Naikumbuka siku ile wakwe walipokuja kwetu Bungoma, wanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Sikutaka kuisimulia. Lakini Jumapili nilionja kinywaji mbele ya wageni wenu hapa Tuwan, nanyi mkatazamana na kuchekelea, mkanong'ona kwamba nyanya amekosa adabu. Basi kaeni msikie.

Kijana mmoja alitaka kumwoa dada yangu Nasimiyu. Nyanya ya kijana huyo alikuwa na binti, Nekesa, aliyeolewa zamani katika ukoo wetu. Nekesa alikula karamuni kwetu, akaugua, akafa. Watu walisema alitiliwa sumu. Ulikuwa uongo mtupu, lakini tangu hapo mama yake hakutia mdomoni kitu chochote cha kwetu. Kijana alikuwa amemwambia dada waziwazi kwamba nyanya yake asipokunywa kwetu, hakuna ndoa.

Ilikuwa Januari, jua linachoma mpaka kuku wanatembea midomo wazi. Nilikuwa nimetengeneza kinywaji kama Kukhu, nyanya yetu, alivyonifundisha: mchaichai na mnanaa wa nyuma ya jikoni, nimevitwanga kidogo tu visitoe uchungu, maji baridi ya mtungini, limau, asali, kisha nikachuja kwa kitambaa safi. Nikakibeba katika jagi hadi sebuleni, nikajimiminia na kunywa kwanza, wageni wakiniona. Ndiyo desturi yetu.

Shangazi yetu aliyekaa Webuye, ambaye alijiona amestaarabika kutushinda sote, akaninyang'anya jagi.

"Ati unakunywa kabla ya wageni? Na hii ni majani tu, bana. Si tuko na soda?"

Akaenda kukimwaga nje. Alinifanya nionekane mlafi, wanangu, mbele ya watu waliokuja kupima roho zetu. Kisha akaleta soda ambazo alikuwa amezifungulia jikoni, vizibo ameviacha hukohuko. Jikoni, nasema, ambako hakuna mgeni aliyemwona. Katika nyumba ile, kwa wageni wale.

Hakuna aliyezigusa. Walikaa wakitokwa jasho, chupa zimejaa mbele yao. Yule mama mzee, nyanya ya kijana, akaanza kujifunga leso ili aondoke, na dada yangu akasimama mlangoni akilia bila kujificha.

Kukhu akainuka. Hakumtazama shangazi hata kidogo. Aliniambia, "Leta kinu hapa. Na mtungi." Akaenda kuchuma mwenyewe, akarudi na majani na kumpa yule mama ayanuse. Mimi nikatwanga palepale sakafuni, miguuni pao. Kilipokuwa tayari, Kukhu akajaza kikombe, akanywa nusu, akampa mwenzake nusu iliyobaki.

"Mama ya Nekesa," akamwambia, "hata mimi nilimlilia."

Yule mama alikipokea kikombe. Kisha akanywa, akakimaliza, akaomba kingine. Nasimiyu aliolewa mwaka huohuo.

Shangazi hakuniomba radhi mpaka akaingia kaburini, nami sijamaliza kumkasirikia. Sasa nawaona ninyi, damu yangu, mnachanganya juisi ya paketi nyuma ya pazia, mnaileta imeshamiminwa, halafu mnanicheka mimi.

Acheni hiyo tabia. Chumeni majani mgeni akiona, twangeni akiona, na hata kama ni soda, ifungulieni mezani pake. Kisha nyweni kwanza. Huo si ulafi. Unamwambia mgeni kwamba kama kuna kitu cha kumdhuru, kitakuwa kimekudhuru wewe kwanza. Hujui amebeba nini moyoni, wala ni nani aliyemzika kwa sababu ya chakula cha watu.

Mungu awape nyumba, wanangu, ambamo mwenye kidonda atakunywa maji bila kuchungulia ndani ya kikombe.