Mama Mdogo Alivyokemea Kompyuta Yake

Haya, chekeni kabisa mmalize, maana hata mimi nikikumbuka siku ile ukumbini Ngara natamani kujificha chini ya meza. Warundi waliokimbia kwao walikuwa wanavuka mpaka kwa wingi, mimi nikiwa mkalimani kwenye kituo cha kuwapokea, na siku hiyo nilitakiwa kuwaonyesha ukutani, kwa projekta, somo la kuchemsha maji ya kunywa. Somo lenyewe nilikuwa nimeliacha kwenye kompyuta ya mama mdogo, mwalimu kule Nemba, Biharamulo. Nikasema si tatizo, kwani nilishamwekea programu ya kuniwezesha kuingia humo nikiwa mbali (nilimweleza, akaitikia "sawa" kama anavyoitikia kila jambo la kompyuta). Kumpigia simu kwanza nikaona ni kupoteza muda, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Nikaingia, nikafungua somo, ukumbi mzima unatazama, najidai kama rubani. Kumbe mama mdogo amekaa mbele ya kompyuta hiyo hiyo, anaona kishale kinatembea chenyewe! Mimi navuta kulia, yeye anavuta kushoto, mara chini ya picha ya sufuria maneno makubwa yakaanza kujiandika: TOKA! TOKA KWETU! HAPA SI KWAKO!

Jamani, mbele ya watu waliovuka mpaka juzi, na wanaojua Kiswahili wakawasomea wenzao! Mzee mmoja akainuka, akabeba godoro lake, akaniuliza kwa Kirundi, "Sasa tuende wapi tena?" Akina mama wakaanza kufunga watoto mgongoni. Nikapiga simu jasho linanitoka, nikaweka spika wote wasikie.

"Mama mdogo, shikamoo, ni mimi Adela, nimo ndani ya kompyuta yako!"

"Ushindwe!" akapiga kelele. "Hata sauti ya mwanangu umeiiba!"

Nikatafsiri (ningefanyaje?) kwamba huyu ni mama yangu mdogo, anakemea pepo, na pepo mwenyewe ni mimi. Kisha yule mzee akacheka mpaka akakalia godoro lake, ukumbi ukalipuka, wengine wanaitikia "Amina!"

Mama mdogo akauliza kwa unyonge, "Adela, uko na nani hapo?"

Nikamweleza.

"Yesu wangu! Nimefukuza wageni!"

Akakata simu. Ukutani herufi zikaanza kutoka moja moja (anachapa kwa kidole kimoja): KARIBUNI. KAENI TU. Makofi yaliyopigwa hapo, harusini sijayasikia.

Siku hizi, kabla sijaingia kwenye kompyuta ya mtu, hata awe ndugu yangu wa damu, napiga hodi kwa simu, na projekta naiwasha mwisho kabisa.