Sungura Wanane Waliooshwa Kakamega

Mliniuliza huko nyumbani Mombasa ni kazi gani hiyo ya kumpandisha mtu basi hadi Kakamega kwenda kupiga picha macho ya sungura. Haya, nasimulia, na msicheke. Mkubwa wangu wa maabara Nairobi alikuwa akitafiti presha ya macho, ugonjwa unaoua polepole mshipa unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Sungura wanane walipandishwa presha ya jicho moja. Wanne walitiwa dawa mpya kila siku, wanne maji matupu, na kila baada ya wiki tatu mimi nilipiga picha ndani ya macho yao, tuone mshipa wa nani unafifia. Nairobi hatukuwa na nafasi, kwa hiyo banda lilikuwa nyumbani kwake mkubwa, njia ya Navakholo. Hii ilikuwa safari yangu ya nne.

Asubuhi, Nairobi. Niliingia basini na kamera mapajani, na hapo mapajani ilikaa hadi mwisho wa safari. Jirani yangu wa kiti aliuliza kama nimebeba mayai. Nikamwambia mayai hununuliwa mengine.

Saa kumi na moja jioni, Kakamega. Mvua ilikuwa imekatika sasa hivi. Begi la nguo nililipakia kwenye boda boda ya baisikeli, kamera nikaibeba mwenyewe, nikatembea nyuma yake kwenye matope ya murram huku mwenye baisikeli akinicheka waziwazi.

Langoni alinisubiri Mama Khayanga, mlezi wa sungura, mwanamke wa makamo asiyeishiwa na maneno.

"Mulembe, daktari," alisema. Mimi si daktari, ni fundi wa picha, lakini hilo tulishashindana mpaka nikachoka. "Kabla hujakaa, kuna kitu nimeharibu."

Alinipeleka bandani. Sungura walikuwa weupe pe, wananukia sabuni, wote kwenye boma moja la nyasi badala ya kila mmoja kizimbani kwake. Nikatazama masikio. Namba zetu, tulizoziandika kwa wino, hazikuwapo hata moja.

"Mgeni akikujanga, sisi tunafagia, tunapaka nyumba, tunasafisha kila kitu," alisema. "Nikasema wewe utatoka Nairobi upate wanyama wachafu? Jana nikawaosha. Nikaweka wote hapa wakauke. Kugeuka, namba zimeenda na maji."

"Na dawa?"

"Leo sijatia mtu. Ningemtia nani?"

Nilimfokea, nakiri. Nilisema wiki tisa za kazi zimekwenda na povu, maana kama hujui nani alipata dawa na nani maji, huna utafiti, una sungura tu. Aliniandalia obusuma, yaani ugali, na ingokho, kuku aliyekwenda kumchinjisha kwa jirani Mwislamu kwa ajili yangu, na mimi nikala kwa aibu.

Asubuhi ya pili. Nilitoa bahasha ya picha za zamani, kusema kweli nizitazame kama mtu anavyotazama picha za marehemu. Nikazipanga mezani. Ya namba moja, mshipa mdogo wa damu ulichipuka upande wa kushoto ukagawanyika mara mbili. Ya namba mbili ulipinda. Ya namba tatu ilikuwa na mitatu iliyosongamana. Ebo! Kila sungura alikuwa na mishipa yake, kama sisi na alama za vidole.

"Mama Khayanga! Lete taulo! Lete sungura yeyote!"

Tulifunga pazia jeusi dirishani. Yeye alimviringisha sungura kwenye taulo, mimi nikatia matone ya kupanua mboni, tukangoja. Kwa sungura mzizi wa ule mshipa wa kwenda kwenye ubongo uko juu kidogo, kwa hiyo nilipiga magoti sakafuni nikichungulia kutoka chini. Nilianza na jicho zima, lile lisilopandishwa presha, kwa kuwa hilo halikuwa limebadilika. Wa kwanza alinichukua saa nzima. Alikuwa namba sita.

"Nilijua!" alisema Mama Khayanga. "Huyo anakwaruzanga."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ninajua, na kama si yeye?"

Kufikia adhuhuri tulikuwa na watano. Saa tisa walifika saba. Wa nane angeweza kuandikwa kwa kuwa ndiye aliyebaki, lakini nilimpigia magoti naye, na mishipa yake ikalala sawasawa na ile ya kwenye picha. Nilikaa palepale sakafuni nikacheka mpaka machozi, na Mama Khayanga akacheka na mimi. Kisha tukaandika namba upya, nikapiga picha zote, naye akaanza tena kuwatia dawa na maji yao.

Siku ya tatu, kurudi. Nairobi filamu ilisafishwa, na kila jicho likalingana na picha yake ya zamani. Mkubwa wangu aliponiuliza tumfanye nini huyo mama, nilimwambia asithubutu kumgusa.

Nilichojifunza ndicho hiki. Kabla sijafika alikuwa na kalamu yetu ya wino nyumbani, na masikio kumi na sita safi mbele yake. Angeandika namba ovyo tu, ningemshukuru kwa usafi, ningekula kuku wangu kwa raha, na ningerudi Nairobi na picha za uongo, tena nikizishika mapajani njia nzima zisiharibike.