Aliyemla Mwenzake Tumboni

Mama mkwe aliponiletea obusuma, ule ugali wetu, na mboga ya mrenda, nilikimbilia nje nikatapika. Alicheka, akasema ni mimba. Sikumwambia kwamba mrenda unanichefua tangu utotoni, miaka ile ya tisini, kwetu karibu na Butali, ambako hata nguo zilizoanikwa zilinuka molasi ya kiwanda cha sukari.

Rafiki yangu, mimi na dada yangu tulizaliwa pacha. Mimi nilitoka mashavu yamejaa. Yeye alitoka mdogo mno, ngozi imemlegea. Kwetu, anayekuja kuona mapacha huwatukana wazazi, na matusi yakiwa machafu zaidi ndivyo furaha inavyozidi. Nyanya alinisimulia jinsi watu walivyocheza uani wakimtukana baba miguu na mama makalio, wote wakicheka. Jirani yetu ndiye aliyenitukana mimi. Alinifunua blanketi, akasema nimemla mwenzangu tumboni. Matusi mengine yaliisha siku hiyohiyo. Hilo la jirani, nyanya aliliamini.

Basi tukalelewa hivyo. Dada anakula, mimi nangoja. Nikinyoosha mkono, nyanya anaupiga kwa mwiko.

"Wewe ulikula tumboni," alikuwa akisema. "Wacha mwenzako naye akule."

Dada hakuwa na hamu ya kula. Alilazimishwa, akatema, akalazimishwa tena. Kisha sahani ileile ikaja kwangu: mrenda umepoa, unavutika kama kamasi, na ndani yake matonge aliyoyatafuna akayarudisha. Nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa. Naona kinyaa hata kukusimulia. Lakini mara nyingi chini ya ugali nilikuta kipande cha ingokho, kuku wa kienyeji, dada amenifichia kizima bila kukigusa. Alinitazama nikila, akatabasamu, na nyanya akituona, kiboko kilikuwa changu.

Hakukua. Kifua kilimsumbua kila msimu wa mvua, na kabla hatujamaliza shule ya msingi kikamshinda. Nilikatazwa kulia, eti pacha aliyebaki akilia humfuata mwenzake. Niliketishwa jikoni, nikapewa chakula. Jirani yule alipita, akanitazama mdomo unavyotafuna.

"Sasa amemmaliza," akasema, wala hakupunguza sauti.

Nilitema kila kitu. Mpaka leo nikimkumbuka jirani yule, mate ya kutapika hunijaa mdomoni.

Miezi mitatu baada ya mrenda wa mama mkwe, nilikwenda kliniki kupigwa picha ya tumbo. Muuguzi akaniambia nimebeba pacha, na mmoja hakui vizuri. Kabla hajaendelea nilimuuliza kama mwenzake anamla. Hakunicheka.

"Wanatumia kondo moja ya nyuma, mama," akasema. "Upande wa huyu mdogo unapata damu kidogo. Mtoto hawezi kumla mwenzake." Akaniambia watanifuatilia kwa karibu, na ikibidi nitazalishwa mapema.

Nilimwomba arudie. Nyanya alishazikwa, jirani pia. Jiko lile lilibomolewa, na pale uani watu walipocheza sasa ni miwa mitupu. Hakuna aliyebaki wa kuambiwa maneno hayo. Nikalia palepale kitandani, tumbo wazi, kwa sauti, kama nilivyotaka kulia siku ile jikoni.

Muuguzi akanishika bega, akasema mtoto bado yu hai. Nikamwambia namlilia mwingine.