Kipanga wangu, mtani wangu wa Tabora na funguo za banda la gemu Bigwa

Wakuu, salaam kwenu, pamoja na nyie mnaosoma kimyakimya halafu mnaondoka.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha ili nisigombane na majirani, lakini mambo yenyewe yako kama yalivyokuwa. Kama hujawahi kushika gemu usiukimbie uzi, nitaeleza polepole.

Kwanza mnijue kidogo.

Shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa, nilichoka tu kukaa sehemu moja. Tangu hapo nimebeba magunia ya karanga Gairo, nimechanganya zege Mzinga, nimekaa kwa fundi redio, kwa fundi cherehani, hadi kwa mfuga nyuki. Kila kitu nataka kujua kinafanyaje kazi. Nikishajua, naaga.

Safari hii nilifikia Bigwa kwa mama yangu mdogo, chini kabisa ya mlima. Nguo zangu zilikuwa bado kwenye begi. Mama mdogo akipita anaugusa ule mkanda wa begi kwa mguu, anasema, "Na huyu mgeni wako atafunguliwa lini?" Nacheka, yanaisha.

Jirani na kwake kuna banda la gemu la dada mmoja, tumwite Mama Nasra. Tivii mbili, benchi, feni moja inayozunguka ikitaka. Mchana pale kunajaa.

Gemu inayopendwa ni ya kupiganisha madude. Unaingia na madude matatu, lakini uwanjani linakaa moja moja. Kila raundi mnachagua kwa siri: upige, ujikinge, ujiandae, au ulitoe dude lako uingize jingine. Mkishachagua wote wawili ndipo mnaona kwenye skrini nini kimetokea. Mwenye mbio anaanza.

Mimi nilimpenda ndege mmoja. Jina lake halisi hakuna mtu Bigwa analitamka sawasawa, tunamwita Kipanga. Ana mbio kuliko karibu madude yote, na kucha zake zikikufikia unalisikia benchi zima likiguna.

Tatizo lake ni ngozi. Ngozi ya Kipanga ni mfuko wa rambo. Akiguswa mara moja na dude zito, kwaheri.

Kwa hiyo mtindo wangu ulikuwa mmoja: ingia, piga, piga, maliza kabla hawajajua kilichotokea. Na kwa wengi ulikuwa unatosha.

Isipokuwa kwa Maganga.

Maganga ni Mnyamwezi wa Tabora, anatembeza viatu vya mtumba mjini asubuhi, mchana anakuja bandani na mzigo wake wa viatu. Mimi Mluguru. Wanaojua utani wa makabila wameshaelewa hapo. Kwa wasiojua: mtani wako anaruhusiwa kukutukana, kukunyang'anya kitu, kukucheka msibani, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa.

Siku ya kwanza tu kuniona alinisalimia hivi: "Nyie si ndio mnaolima ukutani? Nasikia mtu wenu akianguka shambani anaokotwa kijiji kingine."

Nikamwambia bora sisi tunaoanguka kwetu kuliko wao waliobeba mizigo ya watu kutoka Tabora hadi pwani kwa miguu, na mpaka leo hawajaitua. Nikamwonyesha ule mzigo wa viatu begani. Tukawa marafiki.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoanzia.

Mume wa Mama Nasra amepata kazi kwenye biashara ya mahindi Gairo, na yeye akaamua kumfuata. Banda hakutaka kulifunga. Alitaka mtu wa kulishika, alale kwenye chumba cha nyuma, asimamie kila kitu. Tuliomba wawili, mimi na Maganga.

Maganga alichoka jua. Mimi sikujua nilichoka nini, lakini niliposikia kuna chumba chenye mlango na funguo zake, nilikitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nilijua pia kwamba nikikikosa nitabeba begi. Nilishaanza hata kuulizia gari za kwenda Ifakara.

Mama Nasra akasema, "Mimi sitaki kuchagua, mkanichukia mmoja. Mshika banda lazima awe mtu ambaye wateja wanatamani kumpiga na hawamwezi. Chezeni. Mechi tatu, mwenye mbili anachukua funguo."

Mechi ya kwanza ilikuwa Alhamisi. Nilipigwa.

Maganga ana dude moja tunaliita Kobe. Zito, halina mbio, lakini lina ngao yenye miiba. Ukilipiga wakati limeweka ngao, wewe ndiye unayeumia. Uzuri ni kwamba ngao haiwekwi raundi mbili mfululizo. Ubaya ni kwamba hujui ataiweka lini.

Tukabaki Kipanga wangu na Kobe wake. Maganga akaanza. "Jamani mtazameni Mluguru, mikono inamtetemeka. Hilo ndege lako lina haraka kama wewe. Mnakwenda wapi, mmefukuzwa?"

Benchi likacheka. Nikapiga.

Ngao.

Kipanga akabaki na nusu ya damu. Nikapiga tena, Kobe akayumba lakini hakuanguka, maana pigo moja la Kipanga halimtoshi. Akajibu. Mfuko wa rambo ukapasuka.

Maganga akanipiga piga mgongoni. "Pole mtani. Ukifika Ifakara tusalimie."

Mechi ya pili ilikuwa tucheze kesho yake, lakini alfajiri Mzee Kibwana akafariki.

Mzee Kibwana, Mluguru mwenzangu, alikuwa jirani wa ukuta mmoja na banda. Kelele zikizidi alikuwa anagonga bati kwa bakora yake na kusema, "Nyie, hayo mapepo yenu hayapumziki?" Halafu baada ya dakika unamkuta amesimama mlangoni, bakora mkononi, anauliza nani anashinda. Shikamoo zetu alikuwa anaitikia huku macho yako kwenye tivii.

Banda likafungwa, wote tukawa msibani.

Wakuu, mimi nimehudhuria misiba mingi kwa sababu ya kutembea, lakini ule nilikaa nikauangalia vizuri. Mjane wake, Bi Mwanaidi, alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani, tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni. Wadogo zake wamemzunguka na bakuli la uji, anageuza uso. Kila anayeingia kutoa pole analia, na yeye anaanza upya.

Asubuhi ilipochangamka, Maganga akaja. Akanyanyua kofia ya marehemu iliyokuwa kwenye msumari, akaivaa. Akachukua na bakora. Akaanza kutembea uani kama Mzee Kibwana, goti moja gumu, kidevu mbele. Akagonga bati la ukuta.

"Nyie. Hayo mapepo yenu hayapumziki?"

Ua mzima ukageuka. Akasimama mlangoni pa chumba cha mjane, shingo ameinyoosha vilevile kama mzee. "Haya, nani anashinda?"

Bi Mwanaidi akaziba mdomo kwa kanga. Tukadhani analia. Alikuwa anacheka. "Mnyamwezi huyu," akasema, "hata leo?"

"Leo ndiyo hasa, mke wangu," Maganga akamjibu kwa sauti ya mzee. "Watani wameniletea mgomba mzima ili nikubali kuzikwa, nimeukataa."

Wakati watu wote wanamtazama yeye, mdogo mmoja wa Bi Mwanaidi akamsogezea dada yake lile bakuli. Bi Mwanaidi akalishika, akanywa, macho yake yakiwa kwa Maganga. Akanywa mpaka likaisha, nadhani hata mwenyewe hakujua.

Jeneza lilipotaka kutoka, Maganga akalala njiani akisema Mluguru hazikwi mpaka yeye apewe chake. Akapewa mkungu wa ndizi, akaubeba begani, akapisha. Tukazika.

Wakati wa kurudi kutoka makaburini nilimuuliza, maana mimi nisipouliza sipati amani. "Hivi ulijuaje wakati wa kuanza zile kelele?"

"Nilimwona yule mdogo mtu na bakuli," akasema. "Mtani kazi yake hiyo. Watu wakiniangalia mimi, mambo mengine yanapita."

Akaendelea kutembea na mkungu wake. Mimi nikabaki nyuma.

Kwa sababu lile neno lilinirudisha Alhamisi. Kila Maganga alipokuwa ananichokoza bandani, kuna kitu kilikuwa kinapita. Alikuwa hapigi kelele raundi zote. Alikuwa anapiga kelele raundi ile ile anayoweka ngao, ili nipige.

Nikiri, nilijisikia vibaya kidogo kuwaza gemu nikitoka kuzika. Lakini nikamkumbuka Mzee Kibwana na swali lake la nani anashinda, nikaona hatakasirika.

Tulivyomaliza msiba, Jumapili mchana banda likafunguliwa. Mechi ya pili.

Nilibadilisha timu. Kumbe kuna dude moja kila mtu analidharau, chura mwenye kitambi, hana mbio, hana nguvu. Lakini ana kitu kinaitwa Chokoza. Akikuchokoza, dude lako linapandwa na hasira, kwa raundi kadhaa haliwezi kujikinga wala kujiandaa, linaweza kupiga tu. Yaani ni mtani.

Nikamwanzisha Chura. Benchi likaguna. Maganga akasema, "Mluguru ameleta mboga."

Chura akamchokoza Kobe. Kobe akampiga Chura, Chura akayumba. Raundi ya pili Chura akamwahi Kobe kwa pigo dogo, kisha nikamwacha apigwe tena, akaanguka. Na dude lako likianguka, linalofuata linaingia bila kuguswa.

Akaingia Kipanga, mzima, hajakwaruzwa hata unyoya. Mbele yake Kobe mwenye hasira asiyeweza kuweka ngao. Kucha mara moja tu, Kobe akaanguka kabla hajapata nafasi ya tatu ya kupiga, maana lile pigo dogo la Chura lilishampunguzia damu. Yaliyobaki mawili Kipanga aliyamaliza moja baada ya jingine.

Kule nyuma mtu akasema, "Mboga imemla Kobe."

Moja moja. Mama Nasra akaziweka funguo mezani, katikati yetu.

Mechi ya tatu Maganga hakuwa mjinga. Alimuua Chura mapema kabla hajafungua mdomo. Tukapunguzana, tukapunguzana, mpaka tukarudi pale pale pa Alhamisi: Kipanga wangu na Kobe wake, wote wazima.

Feni ikasimama yenyewe.

Nikamsubiri Maganga. Akakohoa, akajiweka sawa kwenye benchi, akaanza. "Haya mtani, mbona umetulia? Begi si limeshafungwa? Piga basi uwahi gari."

Wakuu, vidole vyangu vilitaka kupiga. Lile neno la begi lilinifikia, kwa sababu lilikuwa kweli. Maisha yangu yote nimekuwa nikiambiwa kitu kama hicho na mimi napiga, yaani naondoka.

Nikamwangalia usoni badala ya kuangalia skrini. Alikuwa anatabasamu kama siku ile ameshika bakora.

Nikachagua Noa Kucha. Hiyo ni raundi ya kujiandaa, hupigi mtu, ila pigo lako linalofuata linakuwa na nguvu mara mbili.

Skrini ikafunguka. Kobe ameweka ngao. Miiba yote nje, inangojea mtu. Kipanga amekaa pembeni, ananoa kucha.

Maganga akasema, "Ah."

Raundi iliyofuata ngao hairuhusiwi, na mwenye mbio anaanza. Kipanga alipiga mara moja tu.

Kelele zilizotoka mle ndani, Mzee Kibwana angekuwepo angevunja bati.

Nikanyoosha mkono nichukue funguo. Maganga akaniwahi, akazishika, akazivaa shingoni kwa kamba yake, akasimama.

"Mali ya Mluguru ni mali yangu," akasema. "Nataka jogoo."

Watu wakacheka, Mama Nasra naye. Mimi kuna kitu nilikuwa nakiona kwa mara ya kwanza. Miezi yote ile Maganga alinitania milima, begi, haraka. Hakuwahi kuninyang'anya kitu. Sikuwa na cha kunyang'anywa.

Jioni mama mdogo alipika magimbi na jogoo. Maganga akala, akalamba vidole, akazivua funguo na kunitupia. "Sasa lala ndani kwako," akasema, "kesho nikija nikukute."

Begi nimelifungua. Mkanda wake nimefungia feni, siku hizi inazunguka bila kusimama.

Nilichojifunza, kwa wenzangu mnaopenda madude ya mbio: mbio na nguvu si tatizo, tunazo. Angalia anaingiaje uwanjani na nani amempisha njia. Na ukiona mwenzako anakuharakisha sana, jiulize ameweka nini mbele yako.

Maganga, najua unapita humu. Ukishasoma utabadilisha mtindo. Njoo tu, na mimi nimeshabadilisha.

Wengine semeni basi: nyie dude lenu la mbio mnalilindaje? Na kama kuna mtu ana njia ya kumpiga Kobe bila Chura, aimwage hapa, wateja wangu wananisumbua. Wanyamwezi mnakaribishwa kuchangia, ila jogoo wameisha.