Mlima Usio na Jioni

Jumamosi, tarehe 7 Julai 2012. Manyunyu tangu asubuhi, upepo wa baridi, na mawingu yameshuka mpaka kwenye mapaa ya Berchem-Sainte-Agathe, jijini Brussels. Majirani walinung'unika kwamba mwaka huu kiangazi kimepotea njia. Constant hakunung'unika. Hali kama hiyo ilimrudisha Mutwanga, chini ya Ruwenzori, alikozaliwa. Huko barafu huonekana alfajiri, nyeupe juu ya migomba, kisha ukungu huifunika, na mgeni akifika saa nne ataapa kwamba hapana mlima.

Zamani alikuwa mpagazi wa wapanda mlima, kama baba yake. Vita vilimtoa kwao, na Ubelgiji ikampa kazi ya kufua mashuka ya hoteli, ndani ya mvuke mwaka mzima. Sasa binti yake Agape, aliyesomea mambo ya barafu hapa hapa Brussels, alikuwa akiondoka kesho yake na wenzake kwenda mashariki ya Grinlandi, kupima theluji ya Gunnbjørn, mlima mrefu kuliko yote ya Aktiki.

Katika ukoo wao wa wapagazi, mtu hakupanda kabla mkubwa wake hajampa sheria, yaani neno la kumwonyesha wakati wa kugeuka. Aliyepanda bila neno hilo alikuwa kama aliyetoka bila kuaga. Agape alikuwa ameingojea wiki nzima, na baba yake akawa anazungusha maneno. Alihofia usalama wa mwanawe. Aliona kwamba siku atakayoitoa sheria, ndiyo siku atakayokuwa amemwachia aende.

Baada ya ugali na sombe ya majani ya muhogo, Agape alisogeza kiti karibu naye.

"Papa, kesho minaenda. Unipatie sheria."

Constant alikohoa. "Bon. Sheria iko moja. Jua ikisimama juu ya kichwa, unageuka. Hata kama kilele iko pale unaweza kuigusa na mukono. Kisha pale ukungu inakuya, na ukungu haina rafiki."

Agape alitabasamu, bila dharau. "Papa, kule jua haisimamake juu ya kichwa. Inazungukaka pembeni tu, sawa muntu mwenye anatafuta mulango."

"Na ikizama?"

"Haizame. Mwezi hii usiku haiko."

"Ee!" alidakia Berthe, mama yake Agape, mikono ikiwa kwenye sahani za kuosha. "Alors bale batalala saa ngapi? Hata kuku atachanganyikiwa."

Agape akawaeleza. Kule barafu imeifunika nchi yote, na mlima ni mwamba mweusi uliochomoza tu, kama kichwa cha mtu aliyezama ndani ya maziwa. Hakuna mti, hakuna ndege wa kuimba, hakuna kijiji chini yake. Hata Julai maji huganda kileleni. Upepo hutoka juu ya ile barafu yenyewe, ukiteremka kwa uzito wake.

Constant alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kusimama kibarazani. Sheria iliyomrudisha nyumbani kila safari ilikuwa imeshonwa kwa kipimo cha jua la kwao. Kwa mtoto huyu haikuvalika. Ampe nini, basi? Manyunyu yakamlowesha nywele. Akaikumbuka njia ya kwao, mimea ya kuvumwani ikining'inia matawini kama ndevu, matope mpaka magotini, na wapagazi wakitaniana tangu asubuhi. Mpagazi mwenzao Muhindo alikuwa bingwa wa utani huo. Mzaha wake haukuacha mke wa mtu wala mkwe wa mtu. Asubuhi moja, ukingoni mwa barafu, walimtupia mzaha juu ya mama mkwe wake, na Muhindo hakujibu. Alikuwa akitembea vizuri, tena mbele yao. Baba yake Constant alitua mzigo palepale, akamgeuza, wakashuka naye. Jua lilikuwa bado chini kabisa. Kumbe baridi ilikuwa imemwingia bila yeye kujua. Muhindo alipona, na siku ya tatu akarudisha tusi lake kwa riba.

Constant akaingia ndani.

"Maman," alimwita Agape, kama baba wa kwao wanavyowaita mabinti zao, "katikati yenu benye munaenda, nani iko na kinywa?"

"Nathaniel. Hanyamazake hata akikula."

"Bon. Mutaniane njia yote. Mwenye ataacha kujibu, hata kama anatembea muzuri, hata kama anasema haiko na kitu, mumurudishe, na nyinyi bote murudi. Baridi inaanzaka kula kicheko, kisha njo inakula miguu."

"Na kama ni mimi?"

"Kama ni wewe, hautajua. Donc ubaambie mbele ya kupanda."

"Huyu?" alisema Berthe. "Siku huyu atanyamaza, hata miye nitasikia hapa Berchem!"

Walicheka wote, na Constant akacheka mpaka akafuta macho. Agape aliinamisha kichwa. "Asanti, papa. Nimeipokea."

Kesho yake asubuhi Constant alichukua kitenge cha Berthe, akakisokota, akakifunga kwenye begi kubwa la Agape, akakipitisha kwenye paji la uso wake na kuubeba mzigo mgongoni, kama walivyobeba kwao. Alishuka ngazi bila kungoja lifti. Akaenda polepole hadi kituo cha tramu, shingo imekaza, binti yake akimfuata mikono mitupu. Watu kituoni walimtazama. Agape alimnong'oneza autue, tramu bado. Hakuutua. Tramu ilipofika, alipanda nao hivyo hivyo.