Bluzi Si Muziki wa Msiba

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Vipindi hakunipa kipaza sauti. Alinipa kitambaa. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya uandishi wa habari, nikiamini kwamba kabla ya juma kwisha Morogoro nzima ingekuwa imeijua sauti yangu. Mama yule, ambaye kituoni tulimwita kwa cheo chake, alinipeleka kwenye chumba chenye santuri, yaani zile sahani nyeusi za muziki zinazosomwa kwa sindano. Ziliachwa na mhadhiri mmoja wa kilimo aliyerudi kwao Marekani.

"Futa vumbi, sikiliza, kisha uniambie zipi tunatupa."

"Nizisikilize zote, Mama?"

"Kwani chuoni mlifundishwa kutupa msichokijua?"

Najua kustaafu ni neno la watu wenye mvi, nami sina hata unywele mmoja mweupe. Hata hivyo nimestaafu: kazi iliyoanzia katika chumba kile niliifanya kwa moyo wote, na imekwisha. Ninayo haki ya kuwasimulia ninyi mnaoingia redioni sasa jinsi ilivyofanywa.

Ilikuwa kazi ya kutafuta albamu bora za bluzi na kuzipendekeza kwa wasikilizaji. Bluzi ni muziki uliozaliwa na Wamarekani Weusi katika mashamba ya pamba: mstari unaimbwa, unarudiwa, kisha unakuja mwingine kuujibu. Albamu nayo si rundo la nyimbo. Aliyeipanga alijua kipi kitangulie na kipi kingoje, kama mpishi ajuavyo kwamba nyanya haziingii chunguni kabla ya kitunguu. Kwa hiyo sikuipima albamu kwa wimbo wake uliovuma. Niliisikiliza nikiwa na kazi za mikono, nikairudia nimetulia, mwisho nikaipeleka kwa mtu asiyejua Kiingereza. Huyo akiacha alichokuwa akifanya, albamu ilifaa. Afande mmoja mstaafu wa gereza la Kingolwira nilimpelekea sauti za wafungwa wakikata kuni huku wakiimba. Aliweka kikombe chini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Nyapara wao amelala," alisema. "Wanakata wanavyotaka wenyewe."

Albamu hiyo niliipa daraja la juu.

Mkuu wa Vipindi alinipa saa moja ya Jumapili alasiri. Sharti nililiweka mimi: albamu ichezwe nzima, bila kufunikwa. Kufunika ni ile desturi ya mtangazaji kuzungumza juu ya muziki, akitaja jina lake na majina ya marafiki zake mpaka mwimbaji aombe radhi kwa kumkatiza. Meneja wa Kituo hakupendezwa. Alisema mtangazaji asiyesikika amelala, na aliyelala hulipwa na mkewe au mumewe. Nilimjibu kwamba mwimbaji amengoja miaka mingi kusikika Morogoro, nami ninaweza kungoja saa moja.

Jumapili ya kwanza nilitaja jina la albamu, nikanyamaza. Kabla ya wimbo wa tatu, simu zilianza kulia. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtu hapa nchini analijua tangu utotoni: redio ikipiga muziki wa taratibu bila neno lolote, amekufa mtu mkubwa. Aliyenipata wa kwanza alikuwa Mama Zuhura, muuza mdalasini wa kijiji cha Kinole.

"Mwanangu, salamu baadaye. Tuambie kwanza ni nani."

"Nani yupi, mama?"

"Aliyefariki. Huku tumesimamisha harusi. Bwana harusi amekaa na kanzu yake, hajui acheke au alie."

"Hakuna aliyefariki, mama. Hiyo ni bluzi."

"Na huyo Bluzi alikuwa na cheo gani?"

Meneja alitaka kukifuta kipindi jioni ileile. Mkuu wa Vipindi alimuuliza lini tena kituo chetu kiliwahi kusikilizwa hadi kikasimamisha harusi, naye akakiacha kiendelee. Toka siku hiyo nilifungua kila kipindi kwa kutangaza kwamba hakuna aliyefariki. Kisha nilieleza kwa Kiswahili kila wimbo ulisema nini, ndipo nikainyamazia albamu. Polepole watu wakaelewa kwamba wanamsikia mtu mzima wa afya, mwenye hasira na mzaha, anayemsema bosi wake, anayembembeleza mkewe, anayeicheka njaa iliyompigia hodi. Mama Zuhura alipiga simu kila baada ya kipindi, mara nyingi kuuliza kama yule bwana wa wimbo wa nne alifunguliwa mlango.

Hali ilikuwa hiyo Mwenye Kituo alipofariki dunia. Meneja alituita sote, akatangaza siku tatu za maombolezo hewani, kisha akakaa akiwa na jasho. Marehemu hakuwahi kuonyesha dini yake, na ukoo wake una zote mbili. Tukipiga kwaya, alisema, Waislamu watauliza marehemu alibatizwa lini. Tukipiga kaswida, Wakristo watauliza alisilimu lini. Halafu akanigeukia kwa uso wa mtu aliyeokolewa.

"Rehema, muziki wako hauna dini. Unahuzunisha, na hakuna anayeuelewa. Umeletwa na Mungu."

"Unaeleweka, Meneja. Nimeueleza kila Jumapili."

"Nipe siku tatu tu. Baada ya hapo saa yako ni ya kudumu, hakuna atakayeigusa. Tuanze na ile yenye gitaa linalolia."

"Ile mzee anamwambia bosi wake achukue jembe akalime mwenyewe."

Mtu wa nyuma alikohoa ili asicheke.

"Anasema kwa Kiingereza," Meneja alisema. "Kwa Kiingereza hakuna ubaya."

"Wasikilizaji wanajua anachosema. Mimi ndiye niliyewaambia."

"Basi wasahau kwa siku tatu."

Nilikataa. Sikukataa kwa kumdharau marehemu, kwani alinitendea wema, na alistahili kuombolezwa kwa nyimbo za watu wake. Nilikataa kwa ajili ya waimbaji. Mtu akilalamika nawe ukamwambia analia msiba, umemnyang'anya hata lalamiko lake. Wale walinyang'anywa mengi walipokuwa hai, na mimi sikusoma miaka mitatu ili niwe mkono wa kuwanyang'anya kilichobaki.

"Unajua unachochagua?" Meneja aliuliza.

"Nimeshachagua."

"Acha funguo mezani."

Kituo hakikuanguka. Walipiga kwaya asubuhi na kaswida alasiri, simu zikalia kutoka pande zote mbili, na marehemu akazikwa kwa heshima. Saa yangu ilipewa kipindi cha salamu. Mkuu wa Vipindi alinisindikiza hadi getini.

"Ungekubali siku tatu, ungeipata saa yako kwa miaka."

"Ningeipata saa, Mama. Kila nikicheza albamu, Kinole wangejifunga kanga waje kulia."

"Ukaidi huu ulitoka nao chuoni?"

"Hapana. Nimeutoa kwenye santuri zako."

Sasa ninafungasha viungo katika kiwanda kidogo cha Kihonda. Wapo wanaonihurumia, na huruma yao siihitaji. Kupendekeza albamu hakukuwa kazi ya kituo. Ilikuwa yangu; kituo nilikiazima tu. Kwa ninyi mnaoanza nasema hivi: mtaombwa kufunika, kukata, kupunguza, na siku moja mtaombwa kuugeuza muziki uwe kitu ambacho mnajua sicho. Hayo ya mwanzo mnaweza kuyajadili. Hilo la mwisho likataeni mkiwa bado mna sauti, maana mkilikubali, wasikilizaji hawatakuwa na sababu ya kuwaamini tena hata mkisema jua limechomoza.

Juzi nikiwa kazini nilipigiwa simu na Mkuu wa Vipindi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa haraka. Alikuwa amejifungia katika kile chumba cha santuri, kinachopakana na ofisi ya Meneja, na ameshaiweka kwenye gramafoni ile ya mzee wa jembe. Aliuliza aanzie upande gani.

"Upande wa pili, Mama, ndiko kwenye jembe," nilimwambia. "Na uifungulie sauti yote. Ukuta ule ni mwembamba."